Boila la Mzee wa Maji Moto

Mzee wa Maji Moto alikuwa akivaa sweta mwezi wa Februari. Anayeijua Februari ya Mwabungo, pale mbuzi wanapogombania kivuli cha ukuta, ataelewa kwa nini wageni walidhani ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa mzima wa afya, mrefu, mkavu, ila aliogopa baridi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Baridi yenyewe kwetu Pwani haipo, lakini yeye aliitafuta mpaka akaipata. Aliipata kwenye vigae vya msikiti alfajiri, kwenye soda ya karamu, kwenye upepo unaopita chini ya mlango. Zaidi ya yote aliipata kwenye maji ya kisima, ambayo aliyaita maji mabichi. Alikuwa akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, iweje binadamu asile unga mbichi wala samaki mbichi, kisha ajimwagie maji mabichi mwili mzima na kusema ameoga.

Nyumba yake ilipakana na yetu kwa ua wa makuti. Nyuma ya nyumba, juu ya mawe ya matumbawe, lilikaa boila. Lilikuwa pipa kubwa la chuma lenye tanuri chini yake, bomba la moshi lililopinda kidogo, na mfereji wa shaba wa kufungulia maji, ambao aliusugua kwa majivu na ndimu mpaka ukang'aa kuliko kitu chochote ndani ya nyumba yake. Alilipata katika hoteli moja ya Diani alikofanya kazi ya dobi miaka na miaka. Hoteli ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa wachukue vitu badala ya haki zao. Wenzake wakakimbilia televisheni na magodoro. Yeye alikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo, akaliwekea mkono lile pipa, akasema hili langu. Lililetwa kwa mkokoteni, na watu wa Mwabungo walitoka nje kuangalia, wakidhani ni bomu limeokotwa baharini.

Walicheka kwa muda. Kisha binti wa jirani akajifungua, na kicheko kikaisha. Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa. Kwa siku arobaini, asubuhi na jioni, mkandaji humkanda kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kweli kweli, ili tumbo lirudi na viungo vipate nguvu. Ni maji mengi, na mkaa siku hizi ni mali ya matajiri. Mkandaji wa mtaa wetu, mama mnene mwenye mikono mizito na maneno mazito kuliko mikono, akaona moshi wa boila, akabisha hodi akiwa na ndoo mbili. Tangu siku hiyo, kila mzazi wa upande wetu alikandwa kwa maji ya mzee. Kila maiti pia aliogeshwa kwa maji hayo, maana hatuoshi maiti kwa maji baridi kama kwamba tunaosha baiskeli.

Hakuuza maji. Hilo lazima niliseme mapema, kwa sababu atakayosoma mbele yatamfanya msomaji adhani alikuwa bahili. Alikuwa bahili. Lakini maji hakuuza. Aliyekuja kuchota alitakiwa kuleta makumbi ya nazi ya kuchochea, salamu kamili, na maelezo. Maji ya mzazi hayakuwa na maswali, na ya maiti hayakuwa na maswali. Ya mgonjwa yalikuwa na maswali machache, mengi yao kuhusu choo cha mgonjwa. Bwana harusi aliulizwa mengi, na nasikia mmoja alihojiwa mpaka karibu achelewe nikahi yake. Kijana mzima mwenye afya aliambiwa bahari iko pale, ni kubwa, na haijawahi kumkataa mtu.

Kulikuwa na kijana wa bara aliyepanga chumba karibu na msikiti, mhudumu wa hoteli, mtoto mzuri tu asiyejua watu. Alikuja asubuhi moja akasimama uani na kusema, "Mzee, niaje, nisaidie na maji kidogo, niko late." Mzee akaendelea kusugua mfereji wake kama vile hakuna mtu. Kijana akarudia. Mzee akanigeukia mimi, niliyekuwa upande wa pili wa ua, akaniuliza kama nimesikia mtu akiongea, maana yeye anasikia sauti lakini hasikii shikamoo. Kijana alichelewa kazini siku hiyo. Wiki iliyofuata alikuwa akipiga shikamoo kuanzia barabarani, na aliondoka na ndoo iliyojaa mpaka ikamwagikia viatu.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda, na mzee alikuwa mteja wangu wa kila wiki, kama mtu asiyenunua anaweza kuitwa mteja. Alikuja kuulizia bei. Aliulizia bei ya saruji, ya bati, ya misumari, ya mabomba ya chuma, na kila niliyoitaja ilimuumiza, naye alipenda kuumia. Hakuhesabu kwa shilingi bali kwa nazi. Nikimwambia bei ya bomba, alifumba macho, midomo ikitembea, kisha akasema hizo ni nazi za mnazi mmoja mwaka mzima, na mnazi wenyewe uwe haujaibiwa. Wateja wangu wengine walianza kumwiga kwa utani, na kuna siku nilijikuta nimemtajia mkandarasi wa Nairobi bei ya rangi kwa nazi. Mzee alipomaliza kuumia alikunywa maji ya vuguvugu kutoka chupa yake mwenyewe, akaniombea baraka, akaenda zake.

Sababu ya kuulizia kwake ilijulikana. Boila lilikuwa linazeeka. Lilianza kuvuja pale mfereji unapoingia, kisha ubavuni, kisha chini. Fundi wa kuchomelea alitaka pesa, basi mzee akajifanya fundi. Aliziba tundu la kwanza kwa utomvu wa mfenesi, na lilikaa vizuri mwezi mzima. La pili aliliziba kwa saruji aliyoomba mahali, wala si kwangu, maana kwangu ningempa bure na angekosa la kulalamikia. La tatu lilizibwa kwa kipande cha kandambili na chingamu iliyotafunwa na watoto wa chuo cha Kurani, ambao aliwakalisha kwenye benchi watafune kwa juhudi. Kwa mbali boila lilionekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji na madaktari wasioelewana. Mkandaji alisema maji yake sasa yananuka peremende. Mzee akamjibu kwamba wazazi watapata harufu nzuri, naye ashukuru.

Jaribio la ile chingamu ndilo lililotuletea aibu. Boila liliwashwa mara moja kwa siku, baada ya swala ya alfajiri, kwa hiyo moshi wa asubuhi haukuwa na habari. Moshi wa alasiri ndio uliokuwa na habari: ama kuna aliyejifungua, ama kuna aliyefariki. Siku hiyo mzee aliziba, akaona asisubiri kesho, akawasha alasiri ajionee kama itashika. Mtaani wakati huo hapakuwa na mwenye mimba pevu hata mmoja. Watu wakajumlisha. Wa kwanza kufika walikuwa wanawake wawili wenye majamvi kichwani. Kisha ikaja sufuria kubwa ya shughuli, ikabebwa na watu wanne, kisha mchele, kisha wanaume waliokuwa wameanza kuulizana nani ana majembe ya kuchimbia kaburi. Maalim wa msikiti alituma mtu aulize jina la marehemu ili atangaze. Mzee alikuwa peke yake uani, mikono imejaa masizi, akitazama uga wake ukijaa watu wanaompa pole. Aliishi peke yake tangu mkewe alipofariki, basi kila aliyefika alimwangalia, akaona yu hai, akachungulia ndani kuona ni nani aliyelala.

Alianza kujifuta masizi, kidole kimoja kimoja. Nadhani alikuwa akitafuta jinsi ya kulitamka neno chingamu mbele ya watu waliofunika vichwa kwa leso. Hatimaye alisema ukweli. Hakuna aliyecheka mwanzoni, kwa sababu mchele ulikuwa umeshaoshwa. Mkandaji ndiye aliyeamua: mchele uliooshwa haurudi guniani, pikeni. Tukapika, tukala, na Maalim akawasomea marehemu wa mtaa mzima, ili safari ya watu isiwe bure. Mzee alikula na waliokuja kumlilia asiyekuwepo, na baadaye alinong'ona kwamba pilau ilikuwa nzuri ila chumvi kidogo.

Watu walipoondoka nilibaki kumsaidia kukunja majamvi. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuwa nimelijua kwa miaka yote ya ujirani wetu.

"Mwanangu, kufa siogopi. Kufa ni amri. Ninaloogopa ni hili pipa lifariki kabla yangu, kisha waniweke juu ya kitanda cha kuoshea waniteremshie maji mabichi, nami sina mdomo wa kusema."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na nilipomtazama nikaona kwamba halikuwa jambo la mzaha hata kidogo. Alikuwa amempa mtaa mzima maji ya moto ya mwisho, na hakuwa na hakika kama yeye atayapata yake. Nilimwonea huruma, na pia nilitaka kumtikisa, kwa maana boila jipya lingemwondolea hofu yote hiyo.

Bintiye aliye Mombasa alitaka kumwondolea kwa njia nyingine. Alikuja na fundi na kifaa cha shawa ya umeme, kile cheupe kinachofungwa juu bafuni, akitaka baba yake aoge maji ya moto kwa kubonyeza kidude. Mzee alimkarimu fundi kwa chai, akamsifu kwa viatu vyake, akamkataza kugusa ukuta. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kile kifaa kingempa maji yeye peke yake, na mzazi hawezi kukandwa chini ya shawa ya mzee wa watu. Ya pili ni stima.

"Zitapotea siku yangu," alimwambia bintiye. "Najijua bahati yangu."

Binti akamwambia basi watachemsha maji kwenye sufuria, kwani kuna shida gani. Mzee akasema maji ya sufuria yananuka vitunguu, na yeye hataki kwenda mbele ya Mola wake akinuka mchuzi. Binti alirudi Mombasa na kifaa chake kwenye boksi, analia na kucheka kwa pamoja, kama wote waliowahi kushindana na mzee huyu.

Basi likaja lile lililokuwa lazima lije. Asubuhi moja chini ya boila palitoboka pote kwa mara moja, maji yakaanguka kwenye moto, mvuke ukapanda hadi kwetu, na kuku wa mtaa walitawanyika mpaka upande wa Galu. Hapakuwa na utomvu wa mfenesi wa kuziba tundu lile. Nilimleta fundi wa kuchomelea kutoka Ukunda, kijana hodari aliyezunguka boila mara moja, akapiga kwa nyundo mahali pawili, akasema kwa upole, "Mzee, hii imeenda. Ukichomelea hapa, inatoboka pale." Kisha akataja bei ya kutengeneza jipya la ukubwa ule ule. Mzee alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona dukani kwangu. Alipofumbua alisema hizo ni nazi za minazi yake yote, misimu mitatu, na yeye hana hakika ya msimu mmoja.

Mtaa haukukubali akae na mzigo huo peke yake. Ijumaa hiyo, baada ya swala, tulikutana barazani pa msikiti, mzee wa mtaa akasimamia, mkandaji akakaa mbele mikono imekunjwa. Mtu yeyote mwenye mama, dada au mke alikuwa na sababu ya kuchanga. Mzee wa mtaa akauliza bei. Mimi nilikuwa naijua, maana nilikuwepo fundi alipoitaja. Mzee wa Maji Moto akasimama, akakohoa, akataja nusu yake.

Sijawahi kushangaa vile. Huyu ni mtu aliyekuwa akibishania fungu la mchicha mpaka muuzaji akatamani kumpa amuache. Maishani mwake hakuwahi kutaja bei bila kuiongezea chumvi. Na siku ambayo watu walikuwa tayari kutoa, akaipunguza. Nilifungua mdomo, naye akanikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu ambayo sikumdhania. Watu wakafurahi kwamba boila ni rahisi kiasi hicho, wakachanga haraka, wakaenda nyumbani kwa wali wa Ijumaa.

Nikamfuata njiani nikichechemea, nikamuuliza amefanya nini.

"Wakililipa lote litakuwa lao," alisema. "Mtu atakuja kuchota chake. Atafungua mfereji, atajaza ndoo, ataondoka. Mimi nitakuwa mchochea moto. Nani atanipigia shikamoo?"

Nikamwambia nusu iliyobaki nitaiweka mimi, na hakuna atakayejua. Alinitazama kama niliyemtukania marehemu mkewe. Kwa hiyo fundi alipewa nusu ya pesa, akafanya alichoweza kwa nusu ya pesa. Alileta boila zuri, limechomelewa vizuri, lenye tanuri safi na ule ule mfereji wa shaba, ila lilikuwa dogo. Lile la zamani lilijaza ndoo nane. Hili lilijaza mbili, na ya pili haikufika ukingoni. Mzee alilizunguka, akalipapasa, akatangaza kwamba ndivyo alivyotaka, kwa sababu dogo hupata moto upesi. Mkandaji aliangalia boila, akamwangalia mzee, kisha akaziangalia ndoo zake mbili.

Mara ya mwisho nilipokaa naye vizuri ilikuwa Ijumaa nyingine, miezi kadhaa baadaye. Wakati huo nilikuwa nimehamia Ukunda karibu na duka; nilikuwa nimekuja kumwona mama, nikapita kwa mzee kabla ya swala. Nilimkuta uani, sweta begani, taulo shingoni, amekaa kwenye kigoda karibu na boila akingoja lipate moto. Ilikuwa siku yake ya josho la Ijumaa, ambalo kwake lilikuwa karibu na sikukuu. Sabuni yake mpya ilikuwa kwenye kisahani. Alikuwa na furaha, na aliniulizia bei ya saruji kwa mazoea tu, bila kuumia sana.

Maji yalipokuwa tayari, mkandaji akabisha hodi. Mke wa yule mhudumu wa hoteli, kijana wa bara, alikuwa amejifungua usiku, mtoto wa kwanza, na mama yake mzazi yuko Machakos hata nauli hajapata. Mkandaji alikuwa na ndoo mbili. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba boila lina ndoo mbili. Alisimama pale, akasema anaweza kuchukua moja.

Mzee akainuka, akafungua mfereji, akajaza ya kwanza, akaweka ya pili chini yake, akaiacha mpaka mfereji ukaanza kukohoa. Akamwambia mkandaji apeleke salamu, na amwambie binti yule asiogope moto, ni wa siku chache tu. Mkandaji aliondoka haraka, ndoo zikimpiga magoti, na nilipomwangalia usoni niliona analia.

Nikamwambia mzee nitawasha tena sasa hivi. Akaangalia jua, akasema adhana iko karibu na makumbi yaliyobaki yamelowa. Nikamwambia nitachemsha sufuria kwa mama. Akanitazama tu, na nikakumbuka vitunguu. Akachukua ndoo, akateka maji ya kisima. Kisha nikamuuliza nililokuwa nikilifikiria tangu siku fundi alipoleta kile kijiboila, na ambalo nilikuwa naogopa kumuuliza.

"Na siku yako, Baba? Ukikuta siku hiyo kuna mzazi?"

Alisimama na ile ndoo mkononi. Nilijua anaogopa, maana aliniambia mwenyewe, na uso wake haukuficha.

"Apewe mzazi," alisema. "Yeye anasikia maumivu. Mimi sitakuwa nasikia."

Akavua sweta, akanipa nimshikie, akaingia bafuni na ndoo ya maji ya kisima. Jina la Mwenyezi Mungu halitajwi mahali pale, na mzee alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini kopo la kwanza lilipomwagika mgongoni alilitaja kwa sauti ambayo watu waliokwisha kukaa safuni msikitini waliiitikia.